Pima Nozeli Kabla ya Kuuza Mahindi

Ndugu msomaji, mvua ya kwanza imenyesha. Ardhi imelainika. Majirani wameanza kulima. Lakini trekta la kikundi chenu linakohoa. Linatoa moshi mweusi. Likifungwa plau, halina nguvu. Mtafanya nini?

Watu wengi hujibu haraka: "Pampu ya dizeli imekufa. Tununue nyingine." Jibu hilo linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa kosa kubwa la kutupa mali. Leo tutazungumza juu ya njia ya kujua ukweli kabla ya kutoa fedha. Njia hiyo ni kuvitoa vyombo vya mafuta nje ya injini na kuvipima. Tutazungumza pia juu ya hatari moja ambayo mafundi wengi hawaijui mpaka iwapate.

KIKUNDI KIMOJA KILIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Katika kijiji kimoja nilichofanya kazi, wakulima 12 walikuwa na trekta moja la kikundi. Lilikuwa Massey Ferguson 135. Matrekta ya aina hiyo yalitengenezwa miaka ya 1960 na 1970, na mengine bado yanalima hadi leo. Msimu ulipofika, trekta lilianza kutoa moshi na kupoteza nguvu.

Wanachama walikaa mkutano. Dereva alisema pampu imekufa. Walipiga hesabu. Ili kupata pampu nyingine, walitakiwa kuuza magunia 20 ya mahindi. Hayo yalikuwa mahindi ya chakula, siyo ya ziada. Mimi, bwana shamba wao, niliulizwa ushauri. Nilisema wauze, kwa sababu mvua haisubiri.

Nilikosea. Mama mmoja, mtunza fedha wa kikundi, alinyoosha mkono akauliza: "Bwana shamba, ni nani aliyeipima hiyo pampu?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi sikuwa na jibu. Mkutano ukaamua kwamba kwanza watafute fundi wa pampu na nozeli mjini. Kesho yake tulikwenda huko, mimi, dereva na kijana msaidizi wake.

NOZELI NI NINI?

Bila shaka unalijua bomba la kunyunyizia dawa shambani. Mwisho wa mrija wake kuna kichwa chenye kitundu kidogo. Kichwa kikiwa kizima, dawa hutoka kama ukungu na kuenea vizuri juu ya majani. Kikiziba au kikilika, dawa hutoka upande mmoja, au hudondoka matone. Dawa inaisha, lakini wadudu hawafi.

Nozeli ya injini ya dizeli inafanya kazi kama kichwa hicho. Inapuliza dizeli ndani ya silinda iwe ukungu mwembamba. Tofauti ni nguvu. Bomba la dawa lina nguvu ndogo. Nozeli ina nguvu ya kutisha.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama injini ya petroli. Moto wake huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Umewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli? Ukipiga pampu kwa muda, inapata joto. Ndani ya silinda hewa hushindiliwa zaidi sana, mpaka joto lake hupita digrii 500 za Selsiasi. Dizeli ikipulizwa hapo, huwaka yenyewe.

Aliyebuni injini hii ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Wakati huo dizeli ilipulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wake ulikuwa mkubwa na mzito. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch, pia cha Ujerumani, kilianza kutoa kwa wingi pampu za kusukuma dizeli yenyewe. Pampu hizo zilisaidia sana injini ya dizeli kuingia katika malori na matrekta.

Ndani ya nozeli kuna sindano ya chuma. Springi huibana sindano hiyo ili ifunge vitundu. Dizeli ikipata presha ya kutosha, huiinua sindano na kutoka. Presha ikishuka, springi huirudisha na kufunga. Katika injini nyingi za trekta za zamani, sindano hufunguka kwa presha ya bar 170 hadi 230 hivi. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Kwa hiyo presha ya nozeli ni karibu mara 100 ya upepo wa gurudumu.

Kazi hiyo hufanyika upesi sana. Injini ya trekta ikizunguka mara 2000 kwa dakika, kila nozeli hupuliza mara 1000 kwa dakika hiyo. Nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni elfu chache tu za milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako hauwezi kupita hapo. Ndiyo maana vumbi au maji katika dizeli huiharibu nozeli.

ANZA NA MAMBO MEPESI

Kabla ya kufungua nozeli, angalia mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Je, tangi lina dizeli? Je, koki imefunguliwa?

2. Je, chujio la hewa ni safi? Likiziba, injini hukosa hewa na kutoa moshi mweusi.

3. Je, chujio la dizeli lina maji au uchafu? Fungua nati ya chini, maji yatoke.

4. Je, kuna hewa katika mabomba ya dizeli? Toa hewa kama kitabu cha trekta kinavyoeleza.

5. Je, pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi inafanya kazi?

Pampu hiyo ndogo unaweza kuipima mwenyewe nje ya injini. Siyo pampu kubwa ya presha. Ni ile yenye mkono mdogo, na ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ifungue na uisafishe. Unganisha mrija safi upande wa kuvuta, na uutumbukize katika mtungi wa dizeli safi. Unganisha mrija mwingine upande wa kutoa, na uuelekeze katika mtungi mtupu. Kisha pampu kwa mkono wake. Baada ya kupiga mara kadhaa, dizeli itoke kwa nguvu, mkupuo baada ya mkupuo. Kama haitoki, au inatoka na mapovu wakati mirija imekazwa vizuri, pampu hiyo ni mbovu.

Tazama pia kitundu kilicho chini ya pampu. Dizeli ikidondoka hapo, ngozi imetoboka. Pima na oili ya injini. Ngozi ikitoboka, dizeli huweza kuingia katika oili, na oili huonekana kuongezeka. Usifurahi ukiona hivyo. Oili iliyochanganyika na dizeli huua injini.

KUITOA NOZELI

Kama mambo hayo yote ni mazuri na moshi bado upo, nozeli zitolewe zikapimwe. Ni kazi ya uangalifu kuliko nguvu.

Zima injini na uiache ipoe. Osha sehemu ya juu ya injini kabla ya kufungua nati yoyote. Mchanga kidogo ukiingia ndani, utapata hasara kubwa kuliko ile uliyotaka kuiponya. Fungua bomba la chuma pande zote mbili na uliondoe. Usilipinde. Kisha legeza nati za nozeli, moja kidogo na nyingine kidogo, kwa zamu. Vuta nozeli taratibu.

Chini ya nozeli kuna washa ya shaba. Hakikisha nayo imetoka. Mara nyingi hubaki ndani ya tundu. Ziba kila tundu na kila mwisho wa bomba kwa kizibo au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Andika namba ya silinda juu ya kila nozeli. Zifunge kila moja peke yake ndipo uzipeleke kwa fundi.

FUNDI HUPIMA NINI?

Mjini tulimkuta fundi mzee. Tulimwamkia, naye akatukaribisha. Juu ya meza yake palikuwa na pampu ya mkono yenye mpini mrefu, tangi dogo la mafuta ya kupimia, na geji ya presha. Alifunga nozeli ya kwanza ikitazama chini, ndani ya chombo cha kukingia mafuta. Akavaa miwani ya kukinga macho. Kisha akatueleza vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni presha ya kufungua. Fundi husukuma mpini polepole na kutazama geji. Nozeli ikifunguka, husoma namba. Namba hiyo hulinganishwa na ile ya kitabu cha injini. Ikiwa ndogo, springi imechoka au haikurekebishwa vizuri. Springi hukazwa kwa skrubu, au kwa kuongeza kipande chembamba cha chuma.

Kipimo cha pili ni ukungu. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba, ulio sawa kutoka kila kitundu. Nozeli mbovu hutoa mstari kama wa maji ya bomba, au hupuliza upande mmoja. Nozeli nyingi zikiwa nzima hukoroma wakati mpini unaposukumwa. Fundi mzoefu huisikiliza sauti hiyo.

Kipimo cha tatu ni kutona. Fundi hupandisha presha mpaka bar 10 hivi chini ya ile ya kufungua. Huishikilia hapo kwa sekunde 10. Ncha ya nozeli isidondoshe tone. Nozeli inayotona humwaga dizeli ndani ya silinda bila mpango. Dizeli hiyo haiungui vizuri, hutoa moshi, huosha oili kwenye kuta za silinda, na mwisho huweza kuunguza pistoni.

Kipimo cha nne ni kushuka kwa presha. Fundi huacha mpini na kutazama mshale wa geji. Ukianguka haraka, na hakuna mahali pengine panapovuja, basi sindano imelika na dizeli inapita pembeni yake.

Nozeli yetu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya tatu ilifunguka kwa presha ndogo kidogo. Ya pili ilitona kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ugonjwa ukaonekana pale mezani, mbele ya macho yetu.

KIDOLE CHA MZEE

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo silisahau. Yule kijana msaidizi alivutiwa na ule ukungu. Akanyoosha kiganja chake chini ya nozeli ili aone nguvu yake. Yule mzee akaupiga mkono wa kijana kwa nguvu, mpaka ukagonga meza.

Kijana alishtuka. Mzee akamwambia: "Mwanangu, samahani. Tazama." Akauinua mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada hakikuwepo.

Alitueleza kwamba zamani alikuwa akipima nozeli, na kidole kilipita mbele ya ncha mara moja tu. Aliona kidoti kidogo, kama ameumwa na mbu. Hakikutoka damu. Hakikuuma sana. Akajifuta na kuendelea na kazi. Usiku mkono ulivimba na kuuma vikali. Alifika hospitali kesho yake mchana. Madaktari waliupasua mkono kuusafisha, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kufa. Kikakatwa.

Ndugu msomaji, shika neno hili. Dizeli yenye presha ya nozeli hupenya ngozi kama sindano. Hata glavu haizuii. Ikiingia, husambaa ndani ya nyama, hubana mishipa na kuua nyama. Kidonda cha nje ni kidogo, lakini madhara ya ndani ni makubwa. Kila saa inayopita huongeza hatari ya kukatwa kidole au mkono.

Kwa hiyo fuata haya:

Usiweke mkono mbele ya nozeli, hata kwa mzaha.

Vaa miwani ya kukinga macho.

Usivute sigara wala kuwasha moto karibu. Ukungu wa dizeli huwaka upesi. Pia usiuvute kwa pua. Pimia mahali penye hewa.

Usitafute mahali panapovuja kwa kupapasa bomba. Tumia kipande cha boksi. Kikilowa, umepaona.

Wako mafundi wanaoifunga nozeli kwenye bomba lake nje ya injini, kisha wanapiga stata waone ikipuliza. Njia hiyo haionyeshi presha, na inaweza kuumiza mtu au kuwasha moto. Ikatae.

Kama dizeli imekupiga, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile, hata kama huna maumivu. Sema wazi: "Dizeli ya presha imeingia mwilini." Taja saa ulipoumia. Usikamue. Usikande kwa maji ya moto. Usifunge kwa kubana. Usile chakula njiani, kwa sababu huenda ukapasuliwa.

MATENGENEZO NA KURUDISHA

Yule mzee aliifungua nozeli ya pili. Aliosha vipande katika dizeli safi, akaondoa masizi kwa brashi laini ya shaba nyekundu. Alituonya tusitumie waya wa chuma wala msasa kwenye ncha, kwa sababu vitundu hupanuka. Pia tusibadilishane sindano za nozeli mbili. Kila sindano imesagwa pamoja na nyumba yake. Ni kama mume na mke.

Alipoipima tena, bado ilitona. Akaweka ncha mpya na kurekebisha presha. Nozeli ya tatu aliikaza springi tu. Kisha akazipima zote tatu tena mbele yetu. Nawe fanya hivyo. Usiondoke kwa fundi kabla ya kuona kipimo cha mwisho kwa macho yako.

Nyumbani, dereva alisafisha matundu na kuweka washa mpya za shaba, moja kwa kila nozeli. Alikaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Mabomba aliyarudisha na kuacha nati za juu zikiwa zimelegea. Alifunika kila nati kwa kitambaa, wote wakaweka mikono mbali, na injini ikazungushwa kwa stata mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Alisimamisha stata, ndipo akazikaza nati.

Injini iliwaka. Moshi mweusi haukuonekana tena. Jioni ile plau liliingia shambani. Gharama yote, pamoja na nauli, ilikuwa sawa na magunia mawili. Magunia 18 yalibaki ghalani. Pampu ile iliyosemwa imekufa iliendelea kulima.

KAMA INJINI YENU NI YA KISASA

Magari na matrekta mengi mapya yana mtambo wa dizeli unaoongozwa kwa umeme. Presha yake hupita bar 1000, na katika baadhi hupita 2000. Katika injini hizo usilegeze bomba lolote la presha wakati injini inafanya kazi. Nozeli zake hupimwa kwa mashine maalumu. Zipelekeni kwa fundi mwenye mashine hiyo na mwenye mafunzo yake.

Injini iwe ya zamani au mpya, njia ya akili ni ile ile. Kwanza uliza, kisha pima, ndipo ununue. Siku ile swali la mama mmoja liliokoa chakula cha watu 12. Kuuliza si ujinga.

JADILINI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Taja mambo matano ya kuangalia kabla ya kufungua nozeli.

2. Nozeli inayotona inaharibu nini katika injini?

3. Mwenzenu amepigwa na dizeli ya presha kidoleni. Hasikii maumivu. Mtafanya nini, na hospitali ya karibu yenye daktari wa upasuaji iko wapi?

4. Katika mashine ya kusaga au trekta la kijiji chenu, ni kitu gani kilichowahi kununuliwa bila kupimwa?